Aliyebeba Pampu ya Mlowa Kavu

Naapa kwa macho yangu mawili, na kwa jino la dhahabu ambalo bado sijaliuza, kwamba haya ninayoandika ni kweli tupu, hayana chumvi hata ya kuonja. Najua wanaonifahamu hapa Manyoni watacheka. Jina langu ni Mihayo, na kwa Kinyamwezi chetu mihayo ni maneno, kwa hiyo hata wazazi wangu hawakutarajia niwe mkimya. Nimewahi kuwaambia watu kwamba nilimng'oa mamba jino bovu naye akanishukuru. Hiyo ilikuwa hadithi. Hii siyo.

Nilikuwa fundi wa pampu za maji. Chuo sikukiona. Nilijifunza kwa vile vijitabu vya maelekezo vinavyokuja ndani ya boksi la pampu, nikivisoma kuanzia mwisho kwa sababu kurasa za mwanzo zilikuwa za Kichina. Nikastaafu na mgongo mbovu na mke mmoja, Kalunde, niliyemwoa mwaka wa thelathini na tisa.

Mwaka wa themanini na moja Kalunde akaanza kusahau. Alianza na funguo, akaja kwenye majina ya wajukuu, akamaliza na mimi. Asubuhi moja aliamka akanikuta kitandani kwake, akapiga yowe mpaka majirani wakaja na fimbo. Wakanikuta nimesimama uani nimejifunga shuka. Kalunde akawaambia kuna mzee ameingia ndani, hajui ametokea wapi, na wamtoe taratibu maana anaonekana mgonjwa. Ndivyo alivyosema, kwamba naonekana mgonjwa. Majirani wakaangalia chini. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Nikaanza kulala jikoni, viatu mguuni.

Hospitali wakamwekea punje. Wenye wazee nyumbani mnaijua: kitu kidogo kama mbegu ya mtama, kinakaa chini ya ngozi nyuma ya sikio. Alfajiri, mtu akiwa bado kati ya usingizi na kuamka, punje inamnong'oneza kitabu cha ukoo wake kwa dakika kumi. Ubongo unakishika mpaka jua linapozama, halafu unakiachia. Kesho inaanza upya.

Ila punje haisomi kitabu chochote tu. Inasoma kile kilichopigwa muhuri na Hazina ya Simulizi, na sababu ni nzuri. Kabla ya Hazina, matapeli walikuwa wanawawekea wazee vitabu vya uongo. Mzee analala hana mtoto, anaamka ana watoto wanne wanaomsubiri atie saini ya kiwanja. Na hata waliokuwa waungwana waliibiana. Ilifika mahali watu laki mbili nchi hii walikuwa na babu mmoja, yule aliyeua simba kwa mpini wa jembe, kila ukoo ukiapa kuwa ni wake. Ndipo ikaletwa Mzani. Unavaa taji la waya, unasema sentensi, na taa inawaka. Kijani maana yake uliyapitia mwenyewe. Njano ulisikia kwa mtu, na utamtaja. Nyeupe umetunga. Kitabu kinachopata muhuri ni cha kijani, au cha njano yenye jina la mwenyewe.

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa kijani kuanzia juu mpaka chini. Mihayo alitengeneza pampu Bahi. Mihayo alitengeneza pampu Itigi. Mihayo alibadilisha mpira wa valvu Saranda, mara mbili. Punje ilimsomea Kalunde wiki nzima, na wiki nzima aliamka akanifukuza. Daktari akanieleza kwa upole kwamba ubongo wa namna ile haukamati orodha, unakamata tukio. Akaniuliza kama hapakuwa na jambo kubwa katika ndoa yetu, hata namna tulivyokutana.

Lilikuwepo. Ila lilikuwa la mtu mwingine.

*

Mtu huyo ni Chalo, Mgogo, fundi mwenzangu, mtani wangu. Mwaka wa thelathini na nane, ukame ulipokausha visima vyote vya upande wa kusini, tulitumwa kupeleka pampu kijiji kimoja kinaitwa Mlowa Kavu. Gari letu la umeme likaisha chaji tukiwa bado kilomita sitini na mbili. Chalo akaifunga pampu mgongoni, kilo thelathini na moja, akatembea siku tatu. Alipoifikisha, watu wa kule walikuwa wameanza kukamua matope kwa vitenge. Mwalimu wa chekechea wa pale, msichana wa Kinyamwezi aliyepangiwa kazi Ugogoni, ndiye aliyemwona kwanza akitokea ndani ya vumbi. Huyo ndiye Kalunde.

Mimi nilifika siku ya nne. Nilipokuwa kabla ya hapo nitasema nikifika.

Chalo aliisimulia safari ile maisha yake yote, misibani, harusini, kwenye kahawa. Niliijua kuliko sala. Kwa hiyo nilichofanya kilikuwa rahisi kwenye karatasi: palipoandikwa Chalo nikaweka Mihayo. Shida ilikuwa Mzani. Ningevaa taji nikasema nilibeba pampu, taa ingewaka njano, na jina la Chalo lingetajwa mbele za watu.

Ndugu zangu, nikaamua kuibeba kweli. Nilikuwa na miaka sabini. Nikachukua pampu kuukuu kutoka kwenye lundo langu, nikaipima, nikaongeza nati mpaka ikafika kilo thelathini na moja, nikaifunga mgongoni na kuanza kuzunguka uwanja wa mpira wa shule. Kilomita sitini na mbili kwa siku tatu. Kila mzunguko nilisema kwa sauti sehemu ya hadithi. Hapa ndipo kamba ilipokatika. Hapa ndipo nilipokunywa maji ya Mto Nhwiga, na hapo nilikwenda bombani, nikafumba macho, nikanywa, nikajiambia Nhwiga, Nhwiga. Walimu walifikiri nimeweka nadhiri. Siku ya tatu nilikojoa damu kidogo, nikaendelea. Nikarudia safari nzima mwezi uliofuata, na mwezi wa tatu tena, mpaka mabega yangu yakaamini.

Taa ikawaka kijani. Sentensi mia moja na nne, zote kijani. Mashine inapima mwili, na mwili ulikuwa umebeba pampu.

Asubuhi ya kwanza ya kitabu kile nilikuwa nimesimama mlangoni, tayari kukimbia. Kalunde akafungua macho, akaniangalia muda mrefu, akainuka, akaniletea kiti. Akaniuliza kama mabega bado yananiuma. Nikalia mpaka nikaona aibu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi kumi na tisa. Kila asubuhi kiti, kila asubuhi mabega. Aliniangalia kama mgeni rasmi. Hakunitania tena, na mke wangu alikuwa na mdomo, hamkumjua. Lakini alikaa karibu nami, na mimi nililala kitandani kwangu. Nilijiambia haimdhuru mtu. Chalo naye akafariki katikati ya miezi hiyo, na nilijiambia sasa haimdhuru hata yeye.

*

Barua ya Hazina ilikuja Jumatatu. Iliniita Dodoma kama mlalamikiwa, na mlalamikaji alikuwa Damari Chalo, binti wa marehemu, mwalimu wa hesabu.

Kilichotokea ni hiki. Damari alikuwa anaandika kitabu cha ukoo wao. Alikuwa na sauti ya baba yake aliyoirekodi kwa miaka. Akaipeleka Hazina, na Hazina ikamjibu kwamba simulizi ya pampu ya Mlowa Kavu ina mwenyewe, imesajiliwa, ni ya Mihayo Kasanda wa Manyoni. Kwa utaratibu wao, jina la Chalo likaandikwa kwenye daftari la wazi, linalosomwa na yeyote: marehemu, mwizi wa simulizi.

Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba namba sita, amefunga kilemba cheusi, kwa sababu mwaka wa msiba wa baba yake ulikuwa haujaisha. Nikajaribu njia yangu ya kawaida. Nikamwambia Wagogo mmekuwa wavivu mpaka kuniita Dodoma kwa barua, zamani mngekuja kwa miguu mkiomba chumvi. Utani wa siku zote. Tangu akiwa mtoto alikuwa akinijibu kwamba mimi ni mtumwa wake na baba yake alininunua kwa kibuyu kilichotoboka.

Akasema, "Shikamoo, Mzee Mihayo."

Mtani hakupi shikamoo. Mtani akianza kukuheshimu, ujue amekuondoa katika watu wake.

Ndani alikuwepo Bi. Sekela, msuluhishi, mama wa Kinyakyusa mwenye mafua na leso, pamoja na karani mmoja pembeni. Bi. Sekela akasoma shauri. Sentensi mia moja na nne za kitabu changu, tisini na tano zinafanana na za marehemu. Akasema Mzani umeniona mkweli, na umeisikiliza sauti ya marehemu ukamwona mkweli pia, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu apewe kiti kile. Akaniuliza nina lipi la kusema.

Nikashikilia kijani changu. Nikasema mashine haina undugu na mimi. Nikasema Chalo alikuwa rafiki, huenda alisikia kwangu, umri ukachanganya. Nilisema hivyo, juu ya maiti, binti yake ananitazama. Kisha nikaongeza la pili, kwa sababu nilikuwa naona mlango unafungwa. Nikasema hata kama ningechukua, mimi ni mtani, na mtani akiingia nyumbani kwako akatoka na kuku hakuna wa kumshitaki.

Damari hakukasirika. Aliomba ruhusa ya kuniuliza maswali mawili. La kwanza, siku ya pili ya safari nilikunywa maji wapi?

"Mto Nhwiga," nikasema.

"Yalikuwaje?"

"Matamu. Baridi. Na mto una mawe meupe kila upande."

Karani akainamisha kichwa mezani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Bi. Sekela akamuuliza kama anaumwa, naye akajibu kwa shida kwamba haumwi, ni Mgogo.

Damari akamfafanulia mama yule taratibu, kama anafundisha darasani. Nhwiga kwa Kigogo ni twiga. Mto huo haupo. Haujawahi kuwepo, na yeyote aliyepita njia ile kweli angejua hakuna mto. Ana sauti za baba yake kumi na nne akisimulia safari hiyo. Katika nane hakuna mto, alikuwa nyumbani na watoto wake tu. Katika sita mto upo. "Na katika hizo sita," akasema, "zote, unamsikia Mzee Mihayo akikohoa nyuma. Baba aliuweka mto kwa ajili yake. Alituambia tunyamaze, tuone itachukua miaka mingapi Mnyamwezi kuuliza uko wapi."

Miaka arubaini na nne. Sikuuliza. Nilikwenda nikaunywa bombani.

Ningependa kuandika kwamba nilicheka, maana ulikuwa utani mzuri, mzuri kuliko wowote niliowahi kufanya. Lakini nilikuwa namwona Kalunde uani na majirani na fimbo zao. Bi. Sekela alikuwa ameshaanza kuandika. Uamuzi wa Hazina haungoji: simulizi ikithibitika ni ya wizi inafutwa kwenye kila punje nchi nzima, na alfajiri inayofuata kurasa zake zinakuwa tupu.

Nikashuka kwenye kiti nikapiga magoti, mzee mzima, mbele ya mtoto niliyempeleka kliniki kwa baiskeli. Nikamweleza kila kitu, uwanja wa mpira, viatu jikoni, kiti cha asubuhi. Nikamwambia wachukue jina langu waliandike kwenye daftari kwa herufi kubwa kama ng'ombe, lakini wamwachie Kalunde hadithi. Akiamka bila ile, hana mume. Nami sina pa kwenda.

Damari akasikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali lake la pili.

"Katika kitabu chako, Mama Kalunde anajua nini kuhusu baba yangu?"

Nikaangalia leso ya Bi. Sekela.

"Baba ndiye aliyekuwa mshenga wako. Ndiye aliyekwenda Tabora kukuposea. Yumo?"

Nikasema hayumo. Ningemweka mahali pamoja, hadithi ingeanza kuuliza alikuwa nani. Kwa hiyo nilimtoa kote.

"Mtani huchukua kuku mchana, baba mdogo," akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Watu wakiona, na yeye akicheka, na kila mtu anajua kuku ni wa nani. Ungemchukua hivyo tusingesema neno. Wewe ulimchinja, ukavaa ngozi yake, ukaingia nayo kwa mwanamke asiyeweza kukumbuka kwamba wewe siye. Wale matapeli wa viwanja walifanya nini zaidi ya hicho?"

Nikainuka, nikarudi kwenye kiti.

Bi. Sekela akapenga kamasi, akasema kanuni zina mlango mmoja. Mwenye simulizi akiridhia, inaweza kubaki ndani ya punje, ila kwa jina lake, na mkosaji aseme mbele ya Mzani yeye mwenyewe alikuwa wapi. Akamgeukia Damari. Hakumshawishi. Alimngoja tu.

Damari akachukua muda wake. Alifungua mkoba, akaufunga. Mwishowe akasema anaridhia, kwa ajili ya Mama Kalunde aliyemfundisha kuhesabu, na siyo kwa ajili yangu.

Sasa hapo ndipo nilipobanwa kweli. Nikikataa, kesho kurasa ni tupu. Nikikubali, kesho Kalunde ataamka amejaa sifa za mwanamume mwingine, halafu atageuka anione mimi, na mimi ndani ya hadithi ile nimeingiaje? Nilijua nilivyoingia. Ndiyo maana sikuwahi kuiandika. Mwanamke anaweza kumpa kiti aliyebeba pampu. Huyu wa pili atampa nini?

Nikavaa taji.

Nikasema Chalo aliibeba pampu. Njano, kwa jina lake. Nikasema aliponiambia tugawane mzigo, nilikaa chini nikamwambia mguu umeteguka. Kijani.

"Sababu," akasema Damari.

Nikasema mguu haukuteguka. Nilikuwa naogopa kufa kwa kiu. Taa ikawaka kijani kali, mpaka karani akakunja macho. Nikasema nilibaki kivulini mwa gari siku mbili, nikinywa maji ya rejeta, kisha nikaona punda wa mtu anakula majani peke yake nikampanda. Nikaingia Mlowa Kavu siku ya nne, pampu inatoa maji, nimeshika spana mkononi, nikiwaambia watu kwamba nimechelewa kwa sababu ya simba. Kijani. Kijani. Kijani. Miaka yote nimetafuta sifa, na sikuwahi kuonekana mkweli kama dakika zile kumi.

Jina la Chalo likafutwa kwenye daftari mbele yetu. Langu likaandikwa pale pale lilipokuwa lake. Lipo, mwende mkasome.

*

Kesho yake alfajiri nilisimama mlangoni, viatu mguuni, begi begani. Nilikuwa nimewaomba majirani mapema wasije na fimbo.

Punje ikamaliza. Nilijua kwa sababu midomo yake huwa inatikisika ikisoma, halafu ikatulia. Kalunde akafungua macho. Akatazama dari, akatazama dirisha, akanitazama mimi. Hakuinuka kuleta kiti. Alinikagua kuanzia viatu mpaka kichwa kama mtu anayekagua nyanya za jana.

"Wewe," akasema, "punda wa watu ulimrudisha?"

Nikasema nilimrudisha.

"Akiwa mzima?"

"Alikuwa amechoka kidogo."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa miaka miwili, kicheko cha puani, cha kunidharau kabisa, na nikaachia begi likaanguka. Akasema nivue viatu, nani analala na viatu, na kama nimesimama pale kusubiri chai basi chai haijichemshi yenyewe. Akaendelea hivyo nami nikimsikiliza kama mtu anayesikia mvua.

Halafu akauliza, kawaida tu, akitafuta kanga yake, "Na Chalo? Mbona hajapita kunywa chai?"

Kitabu kinaishia kwenye harusi yetu. Chalo mle ndani ana miaka ishirini na saba, na ndiye aliyeongoza ngoma. Sikuwa nimelifikiria hilo, na nadhani Damari pia hakulifikiria. Nikatafuta la kusema. Nililipata haraka, kama kawaida yangu.

"Amesafiri," nikasema. "Yuko Singida, kuna kisima."

Kalunde akaacha kutafuta kanga.

"Mihayo," akasema. "Ukidanganya unashika sikio. Tangu Mlowa Kavu, siku ile ya simba wako. Chalo yuko wapi?"

Mkono wangu ulikuwa sikioni kweli. Miaka arubaini na nne sikuwahi kujua, na haimo katika kitabu chochote, changu wala chao. Nikaushusha. Nikakaa kitandani, nikamwambia kwamba Chalo amekufa, mwaka jana, mwezi wa nane, kifua. Akalia kama mtu aliyepokea habari kwa mara ya kwanza, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza. Alilia mpaka chai ikafurika ikazima jiko.

Jua likazama, akasahau. Kesho yake akauliza tena.

Ningeweza kwenda Hazina nikaomba waongeze mstari mmoja, kwamba Chalo alifariki. Nilikwenda. Bi. Sekela akasema kifo cha Chalo ni cha ukoo wa Chalo, na nikitaka kukiandika nimwombe Damari. Nikampigia. Akafikiri, akaniambia hapana, hicho hatakiweka kwenye mashine. Hicho nitakisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kila siku nitakapoulizwa.

Leo ni asubuhi ya arubaini na sita. Mkono usioandika nimeukalia, usije ukashika sikio. Kitanda kimelia, ameamka, na sasa hivi ataniuliza kuhusu punda.